Uanzie wapi na filamu za uchawi za Hong Kong

Ndugu, umeuliza uanzie filamu ipi, na kwa nini mchawi karibu kila mara hutoka Thailand au Malaysia. Anza na Bewitched ya mwaka 1981, kisha The Boxer's Omen ya mwaka 1983, zote mbili za Kuei Chih-hung, aliyeziongoza chini ya kampuni ya Shaw Brothers. Black Magic ya mwaka 1975, ambayo wengi huitaja kwanza, ilizungumzwa Kimandarini, si Kikantoni kinachozungumzwa na watu wengi wa Hong Kong, ingawa ndiyo iliyofungua njia kwa kisa chake cha limbwata huko Malaysia.

Kuhusu swali la pili, naona kwamba hofu ya filamu hizi hutokana na safari: katika Bewitched, mwanamume wa mjini huenda Thailand kustarehe, humdanganya mwanamke wa huko, kisha laana humfuata hadi nyumbani na kumdhuru hata mtoto wake asiye na hatia. Ugeni wa mchawi humrahisishia mtazamaji kumwogopa, na jambo hilo si haki kwa majirani hao, lakini Kuei hamwachi mkosaji wa Hong Kong apite bila lawama.

Jiandae kwa The Boxer's Omen, kwa kuwa mna tukio ambamo wachawi hutafuna chakula, hukitema, na mwenzao hukiokota na kukila tena, na kamera haigeuki pembeni hata kidogo. Usiitazame wakati wa chakula.