Softiboli kwa anayeanza: majibu ya maswali yenu

Mpira unarushwa kutokea chini. Si rahisi mno kuupiga?
Jaribu kwanza. Mrushaji huzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira usawa wa nyonga, na katika mechi za kimataifa za wanawake husimama mita 13.11 tu kutoka nyumbani, anaposimama mpigaji. Mpira wa kilomita 100 kwa saa hukufikia kabla nusu sekunde haijaisha. Tena ni mgumu, usiudake bila glavu.

Nilicheza raunda shule ya msingi. Ndiyo hii?
Ni ndugu yake. Ila hapa gongo hushikwa kwa mikono miwili, na kuna mistari miwili inayotoka nyumbani kupitia beisi (vituo vya kukimbilia) ya kwanza na ya tatu. Mpira ukienda nje yake ni foli. Walinzi, yaani timu isiyopiga, ni 9, na wakipata auti tatu, yaani wakiwatoa wapinzani watatu, mnabadilishana zamu.

Mwamuzi anahesabu nini?
Straiki na boli. Ukiukosa mpira, au ukiuacha ilhali umepita juu ya bamba la nyumbani kati ya kwapa na magoti yako, ni straiki, tatu zinakutoa. Mrusho mbovu ambao hukuupiga ni boli. Zikifika nne unatembea bure hadi beisi ya kwanza. Foli nayo huhesabiwa straiki, lakini ukishakuwa na mbili haiongezi ya tatu, isipokuwa ulikuwa unaugusa tu mpira kwa gongo bila kuuchapa.

Mbona mara mlinzi anakanyaga beisi tu, mara anamfukuza mkimbiaji amguse?
Hapa ndipo wengi hupotea, hata watazamaji wa siku nyingi. Jiulize jambo moja: mkimbiaji ana hiari ya kubaki alipo? Beisi haikai watu wawili. Kama yuko ya kwanza na mpigaji anakuja, hana hiari, lazima aende ya pili. Mlinzi mwenye mpira akiikanyaga ya pili kabla yake, kwisha. Lakini kama yuko ya pili na ya kwanza ilikuwa tupu, hakuna anayemsukuma. Sharti aguswe kwa mpira. Sasa utamu wenyewe: mpigaji akitolewa kwanza, shinikizo linaondoka, na yule wa mbele naye anapaswa kuguswa. Mlinzi asiyekumbuka hilo hukanyaga beisi, akaanza kushangilia, mkimbiaji anapita.

Mpira ukidakwa hewani, mpigaji ametoka. Mkimbiaji aliyekwisha kuondoka arudi kuigusa beisi yake kwanza.

Kuiba beisi kunaruhusiwa?
Ndiyo, ila usiondoke kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Ukiwahi, ni auti.

Mechi ni dakika ngapi?
Haiendi kwa saa. Ni awamu 7, na kila timu hupiga mara moja kwa awamu. Kwenye mashindano ya kimataifa, timu ikipitwa kwa pointi 7 baada ya awamu ya tano, mechi huishia hapo.

Olimpiki ipo?
Wanawake walicheza 1996 hadi 2008, kisha Tokyo. Itarudi kwenye michezo ya Los Angeles 2028.