Terabaiti 6 za video za harusi: uchome Blu-ray au urekodi kanda za LTO?

Ndugu, umeeleza kuwa una terabaiti 6 (gigabaiti 6,000) za video za harusi kwenye diski ngumu tatu, na unataka kujua kama nakala za akiba uzichome kwenye Blu-ray au uzirekodi kwenye kanda za sumaku za LTO. Nimetumia njia zote mbili hapa Tanga kwa kazi kama yako, na kwa ukubwa huo ningechagua kanda, ila kwa sharti moja ambalo watu wengi hulijua wakiwa wameshatoa fedha.

Nilianza na DVD. Kila harusi niliichomea diski mbili, nikazihifadhi kwenye kabati la mbao dukani, ambako kiyoyozi kilizimwa kila jioni. Baada ya miaka minane hivi mama mmoja alikuja kuomba harusi ya bintiye, na diski zote mbili zikagoma kabla ya kufika mwisho. Nilipoielekeza moja dirishani niliona ukingoni mstari uliopauka, mwembamba kama ukucha, ilhali sehemu nyingine ilikuwa bado ya zambarau. DVD ya kuchoma ni vipande viwili vya plastiki vya unene wa milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, na data hukaa katikati yake kwenye rangi inayoharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Unyevu huingilia ukingoni, na kwa kuwa leza huandika kutoka ndani kwenda nje, diski iliyojazwa pomoni hupoteza kwanza kile kilichoandikwa mwisho. Kwa yule mama kilichopotea ni sehemu ya kumuaga bibi harusi, na mpaka leo naiona sura yake.

Blu-ray ni imara zaidi, kwa sababu nyingi hazitumii rangi ya aina hiyo, isipokuwa zile zenye alama ya LTH kwenye boksi, ambazo nakusihi usizinunue. Tatizo ni hesabu: diski ya kawaida hubeba gigabaiti 25, kwa hiyo utahitaji diski 240 kwa nakala moja tu, na kila moja ichomwe kisha ihakikiwe. Mimi niliishia njiani.

Kanda ya LTO-5, yaani ya kizazi cha tano, hubeba terabaiti 1.5. Ile 3 iliyoandikwa kwenye boksi iache, kwani inadhani data itabanwa hadi nusu, na video zako zimekwisha kubanwa tangu kwenye kamera. Kanda tano zitakutosha, na kila moja hujaa kwa saa tatu hivi, mradi kompyuta iilishe data kwa kasi. Hapo ndipo nilipokosea mwanzoni: nilimwaga maelfu ya picha ndogo kutoka kwenye diski ngumu ya USB, mashine ya kurekodi kanda ikawa inasimama, inarudisha kanda nyuma na kuanza tena, ikitoa mlio wa kukwaruza ambao ukiusikia ujue unaichosha kanda na kichwa cha mashine. Zifunge picha ziwe faili moja kubwa kwanza. Usishawishike pia na mashine za LTO-4 kwa sababu ya bei, kwani ni kuanzia LTO-5 ndipo kanda inapoweza kufunguka kwenye kompyuta kama folda ya kawaida, kwa mfumo wa LTFS.

Sharti lenyewe ni mashine. Diski utaisoma kwa kisomaji chochote cha Blu-ray utakachoazima kwa jirani, lakini kanda bila mashine yake ni plastiki tu, na mashine hizo hazisomi vizazi vyote: ya LTO-7 husoma kanda za LTO-5, ilhali ya LTO-8 haisomi hata za LTO-6. Kama fedha yako inatosha mashine moja tu iliyotumika, subiri hadi upate ya pili. Mimi ninazo mbili, na kila mwaka narekodi kwa moja na kusoma kwa nyingine, kwa sababu mashine iliyoanza kuharibika inaweza kusoma ilichorekodi yenyewe, ilhali mashine nyingine ikashindwa kukisoma.

Kanda zihifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri lenye vifuko vya kunyonya unyevu, nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Ukiamua kubakiza harusi zilizohaririwa tu, tuseme gigabaiti 300, basi nunua Blu-ray. Diski 14 zitatosha, na usizijaze hadi ukingoni.