Kufundisha Mapigo ya Ngoma kwa Asiyesikia Vizuri na Asiyestahimili Kelele

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 5 katika shule moja ya msingi huku Likoni. Miongoni mwa wanafunzi wangu yupo msichana anayevaa vifaa vya kusaidia kusikia katika masikio yote mawili, na yupo mvulana mwenye usonji ambaye ngoma ikilia tu huziba masikio, na mara nyingine hutoka nje mbio. Tunapojifunza mapigo ya chakacha, ngoma ya Waswahili wa pwani, nikipiga kwa nguvu ili msichana asikie, mvulana hutaabika; nikipiga kwa sauti ya chini, msichana hubaki kuwatazama wenzake na kuwafuatisha. Je, niwafundishe kwa vipindi tofauti? Na nitawatathmini vipi?

JIBU: Mwalimu, usiwatenganishe. Mgongano unaouona unatokana na dhana kwamba anayesikia kwa shida anahitaji kelele, ilhali anachohitaji ili ashike mapigo ni mtetemo anaoweza kuugusa na ishara anayoweza kuiona, na vyote viwili hupatikana hata ngoma ikipigwa kwa ncha za vidole.

Kwa msichana, tumia vumi, ngoma kubwa ya sauti nzito, badala ya chapuo, ngoma ndogo ya sauti nyembamba. Sauti nzito huhisika mwilini kwa urahisi zaidi, na wengi waliopungukiwa na usikivu hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Mketishe kando ya vumi, aweke kiganja kwenye mzinga wa ngoma wala si juu ya ngozi, kwa kuwa mkono ukilala juu ya ngozi huuzima mtetemo uleule unaotafutwa. Sakafu ya saruji haitamfaa. Isimamishe ngoma juu ya jukwaa dogo la mbao lenye uwazi chini yake, naye aketi hapo na nyayo zake, bila viatu, ziguse mbao hizo. Mbao zikikosekana, puto lililojazwa hewa, akilikumbatia kifuani, hupokea mawimbi ya sauti na kumfikishia. Evelyn Glennie, mpigaji mashuhuri wa ala za kugonga kutoka Uskoti, ambaye alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake alipofikia umri wa miaka 12, hupiga bila viatu kwa sababu kama hiyo.

Simama pia mahali ambapo mwanga unakuangukia usoni na mikononi, kwa maana ukilipa dirisha mgongo atakachokiona ni kivuli chako tu. Vifaa vyake vya masikioni usimwambie avivue wala aviongeze sauti: vimeundwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo, na mshindo mkali huufikisha ukiwa umekwaruzika. Mwombe mzazi amuulize mtaalamu wa usikivu kama vinaweza kuwekewa mpangilio wa muziki. (Unyevu wa pwani yetu, pamoja na jasho la mtoto anayecheza ngoma, huviharibu upesi, kwa hiyo baada ya kipindi vifutwe kwa kitambaa kikavu.)

Mvulana anataka uangalifu mwingi zaidi. Kuziba masikio si utovu wa adabu. Kwa watoto wengi wenye usonji kinachoumiza si ukubwa wa sauti peke yake, bali pia ughafla wake, pamoja na ukali wa sauti nyembamba kama za chapuo na kayamba. Kwa hiyo mwondolee ughafla kwanza. Mchoree kadi zinazoonyesha kipindi hatua kwa hatua, na kabla ya kila pigo la mwanzo uinue mkono juu, uusimamishe kidogo, ndipo uushushe. Ishara hiyohiyo ndiyo itakayomwongoza msichana, nawe utakuwa umewahudumia wote wawili kwa tendo moja. Kisha mwachie mvulana mwenyewe apige pigo la kwanza la darasa, kwa kuwa sauti anayoitoa mtu kwa mkono wake anaitarajia, na aghalabu humsumbua kidogo kuliko inayotolewa na mwingine. Funika ngozi ya ngoma kwa leso iliyokunjwa, na uipunguze mikunjo kadiri anavyozoea, yeye akiwa ndiye anayekubali ipunguzwe. Awe na ishara ya mkono ya kusema "basi", na akiionyesha, ngoma inyamaze papo hapo, hata kama wengine wamenogewa. Wapigaji wetu huipasha ngoma moto ili ngozi ikaze; katika kipindi hiki iache kwanza ilegee kwa unyevu, kwani ngozi iliyolegea hutoa sauti nzito isiyokwaruza.

Mahali napo pana uzito. Chumba chenye kuta tupu na dari la mabati hurudisha mwangwi unaowachanganya wote wawili, hivyo hamia chini ya mwembe au mwarobaini ikiwa uwanja wenu una kivuli. Penye uwazi, kila umbali kutoka kwenye ngoma unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Mvulana akisogea kutoka mita 2 hadi mita 8 anapunguziwa takriban desibeli 12, nafuu kubwa kwa sikio, huku msichana akiwa ameushika mzinga wa vumi na hapotezi chochote. Pale alipo, mwekee mvulana alama chini ili ajue nafasi yake, na asogee karibu kwa hiari yake.

Sasa mapigo yenyewe. Chakacha kwa kawaida huandikwa kwa mizani ya sita kwa nane, yaani mapigo makubwa mawili, kila moja likibeba madogo matatu. Anza bila ngoma: darasa zima likanyage kulia, kushoto, kwa mapigo makubwa, mpaka miguu itulie. Ndipo vidole viguse paja mara tatu ndani ya kila hatua. Vumi liingie baadaye kwenye mapigo makubwa tu, na kayamba iwe ya mwisho kabisa, ikiwa mbali na mvulana. Wengi huanza na kayamba kwa kuwa ni nyepesi kushika, nami naona ndiyo ala isiyofaa kuanza nayo katika darasa kama lako.

Kuhusu tathmini, kinachopimwa ni kushika mapigo, si kupiga kwa nguvu wala kusikia. Msichana akikanyaga mapigo makubwa bila kuwatazama wenzake (mgeuze awape mgongo, mkono wake ukiwa kwenye vumi, uone), amefikia matarajio. Mvulana akiyagusa pajani akiwa mita 8, naye vilevile. Andika katika mpango wake binafsi wa elimu umbali aliosimama na idadi ya mikunjo ya leso, ili mwalimu wa Gredi ya 6 asianze naye upya.