Ofisini, chema hakijiuzi

Marehemu nyanya yangu alikuwa akisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaishika kauli hiyo miaka sita, nikiwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Navuka feri ya Likoni alfajiri, nafungua ofisi, napanga majalada, napokea simu, nikiamini ipo siku wakubwa wataona.

Nafasi ya msimamizi wa ofisi ikatokea, nikaitwa kwenye mahojiano. Wakaniuliza: "Tueleze siku uliyogundua kosa kabla halijaleta hasara." Nikajibu kwamba mimi ni mtu makini na mchapakazi. Wakangoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza, na nafasi akapewa mwingine.

Nilipokuwa kwenye feri narudi nyumbani ndipo jibu likanijia, na likaniuma. Miezi michache nyuma mteja alikuwa ametuma hati za shehena. Nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba hupatikana kwa kukokotoa herufi na tarakimu zilizotangulia, ili makosa ya uandishi yajulikane. Nilipokokotoa, ya mwisho ikakataa. Nikampigia mteja, tukasomeana moja moja, kumbe 3 imeandikwa 8. Tulirekebisha kabla hati hazijafika forodhani. Zingepita vile, mzigo ungekwama Kilindini, na siku za bure zikiisha bandari huanza kutoza ada ya kuhifadhi.

Kisa kizima hicho nilikuwa nacho, nami nikawapa sifa tupu.

Tangu hapo nina daftari. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi naandika jambo moja: hali ilikuwaje, nilitakiwa kufanya nini, nilifanya nini hasa, kikatokea nini. Mistari sita yatosha. Barua niliyoiandika vizuri au rejista niliyoibuni naiwekea nakala, lakini majina ya wateja na nambari zao nayafuta kwanza, tena kwa idhini ya meneja. Taarifa za watu si mali yako, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Jambo lililonisumbua zaidi ni neno "sisi". Watu wa pwani tumelelewa tusijisifu, kwa hiyo ukiulizwa utasema "tulipanga, tulirekebisha". Anayekuhoji hajui mkono wako uko wapi hapo. Sema "mimi nilikagua, mwenzangu wa hesabu akathibitisha". Kusema kweli kuhusu kazi ya mikono yako si majivuno, na aliyekusaidia mtaje pia. Kwangu hilo ndilo gumu kuliko yote, na hata leo hufanya mazoezi kwa sauti jikoni kabla ya kikao chochote cha tathmini.

Ustadi wa kompyuta wala usiuhangaikie sana kwa maneno. Watakupa mashine uandike, wataona wenyewe.

Mwaka huu ameajiriwa msichana mapokezi, nami nimemnunulia daftari lake. Ijumaa ya kwanza aliandika: "Nimepanga majalada." Nikamrudishia. "Mwanangu, yalikuwa mangapi? Uliyapanga kwa tarehe au kwa jina la mteja? Na jana meneja alipotaka lile la Machi, ulilipata kwa dakika ngapi?" Akaketi, akaanza kuandika upya.