Maumivu yameisha, je, jiwe nalo limetoka?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, miaka 41, mzaliwa wa Shinyanga. Miezi miwili iliyopita nilishikwa na maumivu makali ubavuni kushoto, yakishuka hadi kinenani, na mkojo ukawa na damu. Picha ya CT ilionyesha jiwe la milimita 8 kwenye mrija unaotoka figoni, karibu na kibofu, na huenda kuna kinyama pembeni yake. Nilipangiwa kuingiziwa kamera, ila nilikunywa dawa ya mizizi na maumivu yakaisha. Mke wangu anaogopa saratani. Je, nimepona?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rudi hospitali wiki hii, tafadhali.

Jiwe huuma mkojo unapoziba ghafla. Likikaa mahali pamoja, maumivu hupoa, huku mkojo ukizidi kujaa nyuma yake na kuitanua figo. Nimepokea wagonjwa wasio na maumivu yoyote ambao figo moja ilikuwa imeshakufa, na hainitoki moyoni. Dawa ya mizizi iache. Baadhi yake huumiza figo. Upigwe picha tena ijulikane jiwe liko wapi. Lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. La 8 huweza kutoka, na tamsulosini, dawa ya kulegeza mrija, husaidia, lakini kwa kawaida hatulisubiri zaidi ya wiki 4 hadi 6. Wewe umeshapita hapo.

Sasa kinyama. Mwambie mama watoto kwamba vinyama vinavyoota kando ya jiwe mara nyingi si saratani: ukuta wa mrija umesuguliwa muda mrefu ukavimba. Kuna pia polipu, nyama laini ndefu isiyo saratani, ila ni nadra. Na kwa kuwa umekulia Shinyanga, nakuuliza: utotoni uliogelea malamboni? Mayai ya kichocho hunasa kwenye ukuta wa mrija, yakaleta vinyama na makovu yanayoubana. Mweleze daktari wako, akupime. Kichocho kikionekana utapewa prazikwanteli. Hata hivyo, kwa macho tu hakuna daktari awezaye kuapa. Kipande lazima kiende maabara, nawe udai majibu yake.

Kamera hupitia njia ya mkojo, hupasuliwi tumbo. Leza huvunja jiwe na kukata kinyama kwenye shina lake. Huenda ukaachiwa stenti, kimrija laini cha ndani. Kitakusumbua kwa haja ndogo za mara kwa mara na damu kidogo. Usitoke wodini bila tarehe ya kukitoa. Kikisahauliwa, mawe huota juu yake.

Ukipata homa na kutetemeka kabla ya siku ya kamera, nenda usiku huohuo. Usaha ukifungiwa nyuma ya jiwe huua.

Barabarani weka dumu la maji karibu, unywe hadi mkojo uwe mweupe, na usiubane hadi kituo cha mizani. Punguza chumvi. Maziwa endelea kunywa, hayana kosa.