Rula ya mzee na neno "wield": kwa mnaoanza kutafsiri habari

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la Kiswahili la gazeti moja hapa Nairobi, serikali za kaunti zikiwa bado changa. Habari iliyonifikia kwa Kiingereza ilisema karani fulani wa kaunti "wields more power than the governor". Sikufungua kamusi. Niliona "more power", nikaandika haraka: "Karani ana nguvu kuliko gavana." Mhariri wetu, mzee wa Lamu aliyetuita sote wanangu, aliisoma kwa sauti hadi dawati zima likasikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwani walipigana mieleka?"

Nyinyi mlioanza mwezi huu mtakutana na "wield" mapema, maana waandishi wa siasa wanalipenda. Ndiyo sababu ninaandika kulihusu.

Nilikosea mara mbili katika sentensi moja. Kosa la kwanza halina mengi: "power" kwa Kiswahili hugawanyika. Ya misuli ni nguvu, ya cheo ni mamlaka, ya kuweza jambo ni uwezo, na ile inayopotea Kayole jioni mkiwa katikati ya kupika ni stima. Kosa la pili ndilo lililomfanya mzee aache chai yake. Nilikuwa nimeigeuza "wield" kuwa "kuwa na".

Alifungua droo, akatoa rula ya chuma, akanionyesha, akairudisha na kuifunga. "Nina rula au sina?" Unayo, mzee. Akaitoa tena, safari hii akaishika kwa ncha moja na kuiinua juu ya meza yangu. "Na sasa?" Nilicheka, lakini mikono nilikuwa nimeshaiondoa mezani. "Hapo," akasema. "Huko kuondoa mikono ndiko ulikosahau kutafsiri."

Kumbe mtu anaweza kuwa na mamlaka yakakaa tu kwenye droo. "Wield" ni pale yanapokuwa mkononi, na walio karibu wanajua yako mkononi. Kwa hivyo yule karani hakuwa amepewa mamlaka kuliko gavana, sheria haikumpa. Ila mafaili yalipita kwake, na yeye ndiye aliyeamua lipi liende juu na lipi lilale. Tuliishia kuandika "karani ndiye aliyeshika mpini". Ukitaka lugha tulivu zaidi, "ana usemi kuliko gavana" inatosha, na kila msomaji wa Nairobi ataelewa. "Kushika hatamu" ningeiachia kiongozi anayeonekana hadharani. Karani wetu alikuwa nyuma ya pazia.

Mtakaotafsiri mambo ya sheria, angalieni Katiba ya 2010. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka kuu yote ni ya wananchi wa Kenya, na yatatumiwa tu kwa kufuata Katiba. Kwa Kiingereza vitenzi ni "belongs" na "exercised": kimoja cha kumiliki, kingine cha kutumia. "Wield" haimo katika kifungu hicho, na nadhani ingekaa vibaya. "Exercise" ni neno baridi la kiofisi, lakini "wield" lina harufu ya chuma. Mwandishi akiandika kwamba waziri "wields" mamlaka, ameshaanza kukudokezea anavyomwona waziri huyo, hata kama hajasema ubaya wowote. Ukiandika "ana mamlaka", umemfuta mwandishi. Na msizembee kwa kudhani Kiswahili chenu hakina uzito: Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ingawa Kifungu cha 259 kinasema matoleo ya Katiba yakigongana, la Kiingereza ndilo litakaloshinda.

Harufu hiyo ya chuma si mapambo. "Wield" hutumika kwa panga, rungu na shoka vilevile. Mtaona "youths wielding machetes" na vidole vitakimbilia "vijana waliojihami kwa mapanga", kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Pole pole hapo. Aliyejihami anaweza kuwa ameficha panga ndani ya koti. Wa "wielding" ameliinua, watu wameliona. Andika "waliokuwa wameinua mapanga" au "wakipunga mapanga". Habari ikija kufika kortini, tofauti hiyo si ya mtindo tu.

Kuna jambo lingine dogo la macho. Saa tano usiku, "wield", "weld" na "yield" hufanana. "Weld" ni kazi ya mafundi wa jua kali wa Kamukunji, kuchomelea vyuma. "Yield" ni hatari zaidi, kwa sababu karibu ni kinyume: kusalimu, kuachia, au kutoa mazao. Nimewahi kuona rasimu ambamo mwanasiasa aliyeng'ang'ania mamlaka alikuwa ameyaachia, kwa herufi moja tu. (Rasimu haikuwa yangu. Hiyo ya mieleka inanitosha.)

Kwa wanaopenda asili ya maneno: mzizi wa "wield" katika Kiingereza cha kale ulimaanisha kutawala, na umejificha ndani ya majina kama Harold, Gerald na Walter. Pengine hapo dawatini kwenu yuko Gerald mmoja. Maana ya jina lake ni mtawala wa mkuki, hata kama anaogopa kuomba likizo.

Mimi nilijifunza kwa daftari, wala si kwa kukariri kamusi. Kila nilipoona "wield" nilinakili sentensi nzima na kuandika kando kilichoshikwa ni nini na nani anakwepa. Baada ya sentensi kama thelathini niliona kwamba mali haishikwi hivyo. Hakuna aliyeandika kwamba mtu "wields" pesa. Ni ushawishi, mamlaka, silaha, vifaa vya kazi. Na shoka likiwa la mkurugenzi, mara nyingi ujue kuna watu watafutwa kazi.

Lililonishinda hadi leo ni "unwieldy". Ni lile godoro la tano kwa sita unalojaribu kuliingiza kwenye matatu: si zito sana, ila halina pa kushikia. Nikiambiwa kamati ya watu sitini ni "unwieldy", mimi huandika "kubwa kiasi cha kutoendesheka", na mhariri hunirudishia kwa kuwa kichwa cha habari hakina nafasi ya maneno manne. Atakayelipata kwa neno moja anipitie mezani. Chai na mandazi ni juu yangu.