Jibu: Akina mama wa dagaa Kunduchi waanzie wapi?

Dada, umeuliza kikundi chenu kianze na mashine ya kufungashia au mkopo. Kwa maoni yangu, anzeni na kuondoa mchanga unaoshika dagaa wakianikwa chini. Mteja akitafuna dagaa akasikia mchanga jinoni, harudi tena, hata pakiti iwe nzuri vipi.

Jengeni vichanja: nguzo za miti, juu wavu, kimo cha kiuno. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi, na wingu likitanda mnafunika turubai tu. Kisha waacheni wapoe kabisa kabla ya kufunga. Mama yangu mdogo aliwafunga wakiwa bado na joto la jua. Kesho yake mfuko ulikuwa na matone kwa ndani, siku chache baadaye ukungu. Mtaji wote ulipotea, na ule haukuwa wake peke yake, ulikuwa wa mchezo wa upatu. Nilimwona akilia, ndiyo maana nasisitiza.

Andikeni pia hesabu ya kila ndoo: bei ya mnadani, chumvi, nauli, kuni kwa wanaokaanga. Wengi wanauza kwa hasara bila kujua.

Mkishatulia hapo, nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Wanafundisha usindikaji, na barua yao inawasaidia wajasiriamali wadogo kupata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Mkopo wa halmashauri usio na riba upo, asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Ila vichanja kwanza, dada.